Aliyemwambia Becky

Jumatatu hiyo Kaluki aliingia kliniki bila kumsalimia mtu. Aliwapita wagonjwa waliokuwa wakingoja zamu, akasimama mbele ya mapokezi na kuuliza kwa sauti iliyofanya kila mtu ainue kichwa:

"Njambi, kwa nini ulimwambia mtoto wangu?"

Kagwe alikuwa amepiga magoti nyuma ya kaunta, akikwamua karatasi kwenye printa. Yeye ndiye aliyeshughulikia kompyuta na tovuti ya kliniki hiyo ndogo ya wanawake mjini Thika. Alibaki hapo hapo chini, karatasi mkononi.

"Nilimwambia nini, Mama Becky?" Njambi aliuliza.

"Unajua!" Kaluki alishusha sauti. "Niliomba kumwona daktari kwenye tovuti yenu nikiwa nyumbani, nikaja hapa na uvimbe kwenye titi. Sikumwambia mtu, hata dada yangu. Becky yuko kidato cha nne, mtihani ni wiki ijayo. Nilisema acha amalize kwanza. Jumamosi ananiuliza, 'Mum, una kansa?' Nikimuuliza nani amekwambia, anasema anajua tu, halafu anajifungia chumbani. Sasa atakuwa nani? Si wewe ndiye tunaimba kwaya moja huko Ruiru?"

"Woi, Mama Becky! Haki ya Mungu, sijafungua mdomo."

Magdalene, meneja wa kliniki, alitoka ofisini mwake, akamshika Kaluki mkono ili amwondoe mbele za watu. Mlangoni Kaluki aligeuka, kama aliyekumbuka dhiki nyingine.

"Na nyumbani hata kompyuta imekuwa adui. Kila nikifungua nisome habari, ni matangazo ya kansa ya matiti na hospitali za India. Ni kama dunia nzima imeambiwa."

Hakuna aliyeyatilia maanani maneno hayo isipokuwa Kagwe. Yeye yalimkata maini.

Miezi mitano nyuma, mtu wa kampuni ya matangazo alikuwa amempa msimbo mfupi wa kompyuta, mistari michache tu, akamwambia aubandike kwenye tovuti ili kliniki ijue ni watu wangapi wanaoitembelea. Kagwe aliubandika kwenye kurasa zote, hata ule wa kuomba kumwona daktari. Hakujiuliza mara mbili.

Sasa aliingia kwenye kichumba chake, akafungua ukurasa huo kana kwamba ni mgonjwa, akabofya "uvimbe kwenye titi", akatazama kinachotoka. Kabla hata hajaandika jina, habari zilikuwa zimeshatumwa kwa ile kampuni: mtu anayetumia kompyuta hii ameulizia uvimbe kwenye titi. Tangu hapo kampuni ingemfuata mtu huyo kila tovuti aendayo, ikimwekea matangazo ya tiba mbele ya macho. Na kampuni haikujua, wala haikujali, ni nani mwingine nyumbani anayeitumia kompyuta hiyo.

Aliufuta msimbo. Dakika mbili tu, ukawa haupo. Angeweza kunyamaza, na katika kliniki nzima hapakuwa na mtu ambaye angejua.

Njambi akatokea mlangoni, mkoba begani, macho mekundu.

"Nimeambiwa nikae nyumbani wakichunguza," alisema. "Miaka sita, Kagwe. Nimepokea wake wa mapasta hapa, nimepokea walimu wangu mwenyewe, na sijamtaja mtu hata kwa mama yangu."

Kagwe aliinuka kitini.

"Usiende," alimwambia. "Keti hapo kwangu. Ninarudi."

Kaluki alikuwa bado ofisini kwa Magdalene. Kagwe aliwaeleza wote wawili akiwa amesimama, bila kujitetea. Magdalene alishika kichwa. Kaluki akasema:

"Mimi hayo ya kompyuta siwezi kumweleza mtoto. Utakuja jioni akitoka shule, umwambie wewe."

Jioni hiyo Kagwe aliketi kwenye sebule ya Kaluki huko Ruiru, kikombe cha chai mbele yake. Becky alimsikiliza akiwa bado na sare ya shule. Kagwe alipomaliza, msichana aliitikia kwa kichwa.

"Nilikuwa natafuta maswali ya bayolojia," alisema. "Kila nikifungua kitu, kansa ya matiti. Mimi sikuwa nimetafuta hayo, na nyumba hii tuko wawili tu. Halafu nimekuwa nikimwona Mum akijishika hapa kifuani, akidhani sioni."

Kaluki aliziba mdomo kwa kiganja.

"Mbona hukuniambia ni kompyuta?"

"Ungesema nacheza badala ya kusoma."

Mama akacheka, na kicheko kikageuka kilio, na Becky akahamia kwenye kochi la mama yake. Kagwe aliinamisha macho kwenye chai. Aliwasikia wakisemezana: hakuna aliyesema ni kansa, bado hakuna ajuaye, majibu ya vipimo ni Alhamisi. Nitakusindikiza. Una shule. Mum, nitakusindikiza.

Kabla ya kuondoka aliisafisha kompyuta, akamwonyesha Becky namna ya kufuta vile vitambulisho ambavyo tovuti huacha humo ili zikukumbuke. Kaluki alimfikisha hadi langoni.

"Bado nina hasira na wewe," alimwambia. "Usidhani ni kwa sababu umekunywa chai."

"Najua, Mama Becky."

"Na wengine je? Mimi si peke yangu niliyebofya hapo."

Hilo ndilo lililomkosesha Kagwe raha. Kesho yake yeye na Magdalene walihesabu watu mia tatu na kumi na wawili waliokuwa wameomba kumwona daktari kupitia ukurasa huo, wakawaandikia wote kuwaeleza yaliyotokea na kuwaomba radhi. Baadhi walipiga simu wakifoka. Mmoja alilia tu, akakata. Kagwe alipewa barua ya onyo, akaitia sahihi bila neno. Njambi alikuwa amerudishiwa kiti chake Jumatatu ile ile, na Kaluki akaja kumwomba msamaha mbele ya wagonjwa, pale pale alipomshutumu. Njambi aliupokea, lakini salamu za Kagwe zilimchukua siku kadhaa kuziitikia kwa moyo mmoja.

Alhamisi Kaluki alikuja na Becky. Waliitwa, wakaingia kwa daktari, mlango ukafungwa. Walikaa huko kama nusu saa. Walipotoka walikuwa wameshikana mikono, na Becky alikuwa akimuuliza mama yake watakula wapi.

Kagwe alikuwa kaunta akiweka wino kwenye printa. Nyuso zao hazikumpa jibu. Aliwaaga, wakaagana naye, na ingawa faili lao lilikuwa mbele ya Njambi, hakumuuliza kitu.