Namba Zilipoanza Kushuka

Binti yangu ni dereva wa lori, na lori lenyewe ni zee kuliko yeye. Mafundi watatu walikuwa wamemwambia giaboksi imekwisha. Gari hilo linajibadilishia gia lenyewe, na siku hizo lilikuwa linazibadilisha ovyo, kwa kushtuka. Ile kruzi, yaani kidude kinachoshika mwendo bila wewe kukanyaga mafuta, ilikuwa inajitoa ovyo. Na Jumatatu alitakiwa kuanza kubeba saruji, kila siku, kuteremka mlimani. Mimi usingizi ulikuwa umenihama.

Fundi wa nne, mzee mmoja wanayemwita Sikio, hakugusa giaboksi. Alivuta nyaya mbili kutoka kwenye sensa ya mwendo, kidude kidogo kilichochomekwa mkiani mwa giaboksi kuhesabu mizunguko, akazipitisha hadi ndani na kuziunganisha na mita ya kuonyesha hesabu hiyo.

"Nahitaji mtu wa kunisomea namba," alisema. "Mimi nitasikiliza. Bibi, umesoma hadi darasa la ngapi?"

"La saba. Namba hazijanikimbia kama nywele zilivyokukimbia wewe."

Akacheka, akanipakatisha mita. Nikakaa katikati, yeye kiti cha mlangoni, binti yangu kwenye usukani. Ilikuwa saa nne asubuhi, barabara nyeupe kwa jua.

Mwendo ulipofika sitini, binti akabonyeza kruzi na kutoa mguu.

"Mia nne," nikasoma. "Mia nne. Mia nne na mbili."

Ili kujituliza nikasema, "Kitendawili!"

"Mama, siyo sasa."

"Sema tega, we mtoto."

"Haya, tega."

"Nakimbia mpaka napumua moto, lakini mwenyewe..."

Sikumaliza. Namba ilikuwa imeshuka hadi mia mbili, na miti inapita kwa kasi ileile.

"Mia mbili!"

"Sensa inaruka mizunguko," Sikio alisema, bado ametulia. "Gari linadhani limepunguza mwendo."

Lori likashusha gia kwa kishindo, injini ikalia, likaanza kujiongezea mafuta lenyewe. Mbele yetu barabara ilikuwa inainama.

"Kanyaga breki, kruzi itajitoa," Sikio alisema.

Binti akakanyaga. Haikujitoa. Injini ikasukuma, breki zikavuta, na harufu ya kuungua ikaingia dirishani. Nilimtazama usoni, nikaona midomo imekauka kama ya mtoto mwenye homa.

"Fundi, haitajitoa! Niliunga nyaya za swichi ya breki!"

"Uliunga nini?"

"Nilidhani ndiyo inayoitoa kruzi!"

Sikio hakuwa ametulia tena. "Bibi, zima kruzi! Swichi iko mbele yako!"

Binti alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili. Mbele yangu palikuwa na swichi nne, maandishi yamefutika. Nikabonyeza moja, maji yakaruka kwenye kioo, tusione kitu. Nikasikia mtu anapiga kelele, kumbe ni mimi. Nikabonyeza zote kwa kiganja, kama mtu anayeua mende.

Injini ikashuka sauti. Breki zikapata nguvu. Tukasimama kando ya barabara, moshi ukitoka kwenye magurudumu, na mita bado mapajani mwangu.

Kisha Sikio akashuka, akaingia uvunguni, akatoka na shavu jeusi. Waya wa sensa ulikuwa unasugua chuma, ngozi yake imelika. Ukitikisika, hesabu inapotea.

"Giaboksi ni nzima," alisema. "Ni huu tu. Na huo wako, dada."

Alimpa koleo, hakumsaidia. Binti yangu akainama chini ya usukani, akakata waya aliouunga kwa mkono wake mwenyewe, akasimulia huko huko chini, bila kututazama: kila kruzi ilipojitoa aliilaumu swichi ya breki, akaiunga ili kruzi isijue breki imekanyagwa, akaona aibu kuuliza.

"Ungeniambia asubuhi," Sikio alisema.

"Ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo. Halafu ningekata."

Mimi nilitaka kumchapa na kumkumbatia, nikaishia kumpokea koleo. Sikio alifunga ule waya uliolika kwa utepe, breki zikapoa, tukageuza.

Tulirudi polepole, mafuta kwa mguu wa binti yangu, siyo kwa kruzi. Kwenye barabara tupu, hakuna gari mbele, kila baada ya muda alikuwa anagusa breki, kidogo tu, kuona kama gari linamsikia. Hakuna aliyemcheka.