Nusu ya Mulei

Ndunge alikuwa akisuuza vikombe katika klabu ya wazungu kule Ruiru, mwaka wa 1952, siku vyama viwili vya walowezi vilipokubaliana kuhusu mumewe, Mulei. Jina lake hawakulitaja. Walisema tu maaskari walioko vitani nchi ya Malaya, kule Asia.

Uchaguzi ulikuwa umekaribia. Bwana Kiko, mkubwa wa chama kimoja, alitaka maaskari wabaki msituni kule kuwapigania Waingereza, ili London imkumbuke. Bwana Ndevu wa chama cha pili alitaka warudi kulinda kahawa, maana wenye kahawa ndio wangempigia kura. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe wakapeana mikono: nusu ibaki, nusu irudi.

"Nusu ya watu?" Ndunge alimwuliza Waweru, mpishi, aliyesikia Kiingereza.

"Ya watu hawakusema. Wamesema nusu."

Mwezi uliofuata nusu ya Mulei ilishuka kwenye treni pale Thika. Ilikuwa nusu ya kushoto, toka utosini hadi unyayoni. Mulei aliruka kwa mguu mmoja, fimbo mkononi, hadi nyumbani Gatuanyaga. Ndunge akampokea mzigo.

"Umekula, Baba Mbithe?"

"Tangu Mombasa, bado."

Akampakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. "Na huo mkono mwingine?"

"Umebaki na bunduki. Moyo wamesema niuchukue, huko hauna kazi."

Jembe lilimshinda, hivyo Ndunge alilima peke yake. Siku moja klabuni alimfuata Bwana Ndevu barazani.

"Bwana, naomba ile nusu nyingine."

"Ngoja kura zipite, bibi."

Kura zikapita. Wote wawili walipata viti. Bwana Kiko alijisifu kwamba maaskari wako vitani. Bwana Ndevu alijisifu kwamba maaskari wamerudi nyumbani. Hakuna aliyesema uongo.

Ndunge aliwakuta wamekaa pamoja, wanacheka. Alikuwa na birika la chai mkononi.

"Mume wangu si mkate," akasema.

Bwana Kiko alisogeza kikombe chake kilichokuwa kitupu. Ndunge akaliweka birika sakafuni, akatoka, akatembea hadi nyumbani bila kuomba ruhusa. Hakurudi tena kazini.

Mwezi wa nane, Mulei akiwa uani anapukuchua mahindi, alianguka kiubavu.

"Wamenipiga risasi huko msituni," alisema.

Ndunge alimkagua. Upande huu haukuwa na jeraha. Akamnywesha uji, akamfunika blanketi, akalia kwa hasira, si kwa huzuni.

Baada ya wiki mbili tarishi wa chifu alileta barua mbili. Ya kwanza ilimpa Ndunge pole kwa kifo cha Mulei. Ya pili ilimwita Mulei, aliye hai, akalinde kahawa Ruiru kuanzia Jumatatu.

"Niamini ipi?"

"Zote zina mhuri, mama."

Jumatatu tarishi alikuja kumchukua, na Mulei akaenda. Ndunge aliwafuata hadi barabara kuu, akiwatukana wale wakubwa wawili kwa majina yao, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya pili ya bonde. Tarishi alitangulia bila kugeuka.