Waliozaliwa Bila Tarehe

Raihana alikuwa na wajukuu watatu alipojiandikisha darasa la jioni la kompyuta kule Kiyovu. Majirani wa mtaani kwake Biryogo walicheka mpaka wakashika mbavu. "Bibi anakwenda kuanza chekechea!" alisema fundi cherehani wa jirani. Raihana akamjibu kwamba elimu haina mwisho, akakaza kilemba, akaenda zake. Kila jioni, kabla hajagusa kibodi, alisema Bismillahi kimoyomoyo.

Mchana alikuwa mpiga chapa wa mradi mmoja wa kutibu macho, kazi aliyoifanya miaka kumi na tisa. Mwaka huo wa 1992 mradi ulikuwa na orodha ya wagonjwa 2,316 wenye mtoto wa jicho. Madaktari walikuwa wanakuja kutoka Ulaya kuwapasua, na kompyuta yao ndiyo ingepanga nani aitwe. Barua yao ilifika Alhamisi asubuhi: tarehe za kuzaliwa ziandikwe mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, asiyejua siku na mwezi aandikiwe sifuri. Tarehe isiyosomeka, mgonjwa haitwi. Disketi ilitakiwa uwanja wa ndege wa Kanombe saa kumi alasiri, ipande ndege.

"Orodha yetu yote inaanza na siku," alisema Karangwa, mkuu wa ofisi, akijishika kichwa. "Tupige chapa upya watu elfu mbili leo?"

"Patroni, nipe nusu saa," alisema Raihana.

Générose, mpiga chapa mwenzake, akaguna. "Mwanafunzi wetu huyo! Kuwa mwangalifu, mama, usije ukafuta wagonjwa wote wakapona bila dawa."

Raihana alinakili orodha kwanza, kama alivyofundishwa na mwalimu Bigirimana. Kisha akaandika mstari mmoja katika lugha ya kompyuta iitwayo Perl:

s#(\d\d)/(\d\d)/(\d\d\d\d)#$3-$2-$1#

Maana yake ni hii: tafuta tarakimu mbili, mkwaju, yaani ule mstari wa mshazari, tarakimu mbili, mkwaju, tarakimu nne, kila kilicho ndani ya mabano kikumbuke, kisha panga upya mafungu hayo, la tatu litangulie. Akabonyeza. Hata pumzi hakumaliza kuvuta, tarehe zikawa zimegeuka.

"Weee!" alisema Générose.

Lakini Raihana aliiagiza kompyuta imwonyeshe mistari yote isiyogeuka. Ilikuwa 414. Akaisoma michache ya mwanzo. *vers 1926, vers 1931.* Hilo ndilo neno la Kifaransa walilowaandikia wazee wasiojua siku waliyozaliwa: karibu na mwaka fulani, basi.

"Elfu moja mia tisa wamepita," alisema Karangwa. "Hao waliobaki wataitwa mwaka ujao."

"Patroni, hawa ndio wazee. Hawa ndio vipofu wenyewe. Mwaka ujao tutamwita nani?"

"Ni saa nane, Mama Raihana. Dereva anaondoka saa tisa."

"Basi aondoke saa tisa."

Akaandika mstari wa pili: popote penye *vers* na tarakimu nne, mwaka ubaki, sifuri zifuate. Akabonyeza kwa imani. Walibaki 97.

Akafungua orodha tena, na hapo aibu ikamshika. Wote tisini na saba walikuwa wa mikono yake mwenyewe. Miaka yote, ili kuokoa muda, yeye aliandika *v.* badala ya neno zima. Pengine akaacha nafasi, pengine hakuacha. Ya Rabi, alisema moyoni, usiwaache gizani kwa uvivu wa vidole vyangu.

"Tugawane tuandike kwa mkono?" aliuliza Générose, safari hii bila mzaha.

"Hatutamaliza. Ngoja."

Akafungua daftari. Mwalimu aliwahi kusema nukta ndani ya mstari kama huu humaanisha herufi yoyote, ila ukiitangulizia mkwaju wa kinyume, hubaki nukta tu. Akaandika polepole, akisoma kila alama kwa sauti:

s/v(ers|\.) *(\d\d\d\d)/$2-00-00/

Ama *vers*, ama *v* na nukta, nafasi iwepo au isiwepo, kisha mwaka. Akabonyeza, akaagiza hesabu ya waliobaki.

Sifuri.

Générose alipiga vigelegele ofisini, na Karangwa, ambaye hakuwahi kumsifu mtu, alisimama kumfungulia mlango dereva mwenye disketi.

Miezi miwili baadaye Raihana alipita hospitalini siku ya wito wa kwanza. Mabenchi yalijaa wazee wenye fimbo, wengine wameshikwa mikono na binti zao kutoka Gahanga. Muuguzi alikuwa na karatasi za madaktari. "Mukunde," aliita, "mwaka elfu moja mia tisa ishirini na tisa, siku haijulikani!" Mwanamke mmoja akainuka akipapasa hewa. Raihana akamshika kiwiko, akampeleka mpaka mlangoni, mwanamke huyo shingo imemnyooka kama ya bibi harusi. Alhamdulillahi, alisema, akasimama kusubiri jina la pili.