Jumatano na Ijumaa

...na asome basi Jaji, asome taratibu, hata akikaa nayo mpaka jioni hiyo karatasi hatakiona kile kisanduku cha chini, kiasi cha dhamana, kimefutwa, kimekwenda zake, miaka kumi na tisa nimesimama mbele ya meza hii napigania bei za watu kama nanunua nyanya, Mheshimiwa dola elfu tano ni nyingi mno, Mheshimiwa tufanye elfu moja, na leo Jumatatu ya kwanza ya sheria mpya, jimbo zima la Illinois mtu hana bei, jamani, mimi Noreen Sadowski, wakili wa wasio na uwezo wa kuweka wakili, mwanamke mzima wa miaka hamsini na miwili, nimevaa viatu vipya kuja kusikiliza dhamana, mume wangu kaniangalia asubuhi akauliza, kwani unaenda harusini? nikamwambia bora ya harusi, harusi nimeshaona nyingi... na kwa wehu huohuo kesi ya kwanza nikasimama, kifua mbele, nikasema, Mheshimiwa, tunaomba mia tano, mdomo umezoea tu, mahakama nzima ikaangua kicheko, hata askari wa mlangoni, hata Jaji Stroud akavua miwani akasema, mia tano ya nini tena, Wakili, umesahau leo ni siku gani? nikacheka mimi kuliko wote, ilikuwa saa tatu na nusu, sasa ni saa nne na dakika arobaini, kesi ya sita, na hii sicheki.

Wakili, ananong'ona Cordell Maynes hapa pembeni yangu, amevaa ile nguo ya rangi ya chungwa ya jela, anasoma nini muda wote huo? Namwambia nyamaza, na wewe, mwache mama wa watu asome... Jumamosi Cordell alikuta gari lake limeshafungwa mnyororo, linakokotwa, kisa limeegeshwa upande usiotakiwa, akamwomba dereva, kaka, gari hilo ndilo linampeleka baba hospitali, dereva akamjibu, basi mnunulie baiskeli, Cordell akachukua spana ya magurudumu akapasua kioo cha mbele cha lile gari la kukokota, chote, dereva akaruka nje akakimbia na mnyororo kaacha... kosa ni kosa, litakuja kuhukumiwa kwa siku yake, leo swali ni moja tu, akangojee kesi nyumbani au ndani, na sheria mpya inasema humfungii mtu ndani kabla ya hukumu isipokuwa ni hatari kwa watu au anakwepa mahakama, basi, na ndipo yule binti Voss wa upande wa mashtaka, mdogo kuliko mwanangu, kasimama dakika tano zilizopita, sauti kavu, Mheshimiwa, katika kesi yake ya mwaka huu mshtakiwa hakutokea mara mbili, mwezi wa tatu na mwezi wa sita, mara mbili si bahati mbaya, ni tabia, huyu anakimbia. Anakimbia! Cordell akimbilie wapi, mtu ambaye hajalala nje ya kaunti hii tangu azaliwe, nikatamani kumrukia, na Jaji akasema, ngojeni nisome, na tangu hapo anasoma.

Nyuma yetu, benchi la kwanza, baba mtu, mzee Ezra Maynes, blanketi limekunjwa mapajani, la kujifunika kwenye mashine ya kusafisha damu, maana anasema damu ikirudi mwilini anasikia baridi mpaka kwenye meno, macho yake yako kwenye saa ya ukutani, leo zamu yake saa saba, asubuhi alinishika mkono wa koti, binti, mimi siku zangu Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, huyu akibaki ndani nani ananipeleka? nikamwambia atatoka, mzee, tulia, akasema, nimetulia tangu nizaliwe, binti, ndiyo maana sijapata kitu... nikacheka, nikaenda kunywa kahawa... Jumatatu, Jumatano, Ijumaa... subiri. Subiri kwanza. Faili liko wapi, hili hapa, mara ya kwanza tarehe nane Machi, mara ya pili tarehe tisa Juni, na shajara yangu, funguka basi, Machi, Machi, nane... Jumatano. Juni tisa... Ijumaa! Mungu wangu, Ijumaa! alikuwa anamwendesha baba yake, alikuwa amekaa pale hospitali ameshika blanketi, binti Voss umekwisha, leo umekwisha, nataka kupiga kelele hapahapa... na huu ni mwandiko wa nani. Maynes, saa nne, Jumatano, kwa wino wa kijani. Kalamu yangu. Siku ya kupanga tarehe karani aliuliza, Wakili, tarehe nane iko sawa? nikafungua shajara, shajara yangu, nikaona sina meno ya kung'oa wala mkutano, nikasema iko sawa, na Cordell alikuwa amesimama hapahapa, bega kwa bega, sikugeuka. Na ya pili akajaribu kusema, nakumbuka sasa, Wakili, lakini Ijumaa... nikamwambia utaletewa barua, maana kesi nyingine ilishaitwa. Hakuja, akakamatwa, siku tisa ndani kwa kukosa dhamana, na nilipokwenda kumwona aliniambia mzee amevimba miguu, hakuna wa kumpeleka, nikasema pole sana, nikafungua faili. Miaka kumi na tisa nakilaani kile kisanduku.

Cordell. Cordell, nisikilize, wewe unaweza kuja siku gani? Ananiangalia kama nimepagawa. Nani, mimi? Wewe, ndiyo, siku gani? Jumanne, anasema polepole, Jumanne nipo, na Alhamisi nipo. Mbona hukuniambia? Anatazama viatu vyangu vipya, anasema, uliuliza? na wala hana hasira, ndicho kinachoniuma... atacheka Voss, acheke, watacheka wote kama asubuhi, nimeshazoea, Jaji anafungua ukurasa wa pili, bado anasoma, saa nne na dakika arobaini na tatu, mzee yule anatazama saa, nami nimeshasimama, sijaitwa lakini nimesimama, nina raha na aibu kwa pamoja, soma mama, maliza, inua hayo macho, nina neno, Mheshimiwa, tarehe nane Machi, niliichagua mimi.