Dada Hajashuka

...na magoti haya, mtu angedhani yamebaki kule Engaruka, maana hapa kwenye kiti cha mbele hakuna kitu chini ya kiuno ila uzito, Theophil ameyaambia yanyooke na hayakunyooka, basi yakae, hata hivyo anayesubiriwa si yeye, anayesubiriwa ni dada, ameketi nyuma yake kimya, mlango wa ubavuni uko wazi tangu Rama alipousukuma, na vumbi jeupe linadondoka kutoka kwenye mpira wa mlango, kidogo kidogo, juu ya nyasi za uwanjani kwake hapa Nakwa, vumbi la njia ya Ziwa Natron, limepata safari ya bure mpaka Babati... "Karibu nyumbani, wifi," mkewe Xaveria anasema tena kutoka barazani, "shuka, wifi, maji ya kuoga yako tayari, na chakula kinapoa," na dada hajibu, anatazama mbele tu, juu ya bega la Theophil, labda hasikii vizuri, labda amechoka, nani asingechoka, kwa umri ule na njia ile, hata gari limechoka, linalia tik, tik chini ya boneti, linapoa, na Rama, jirani mwenye duka la nguo pale sokoni, mwenye gari hili na dereva wake pia, ameegemeza paji la uso kwenye usukani, "Mzee," anasema bila kuinua kichwa, "mwambie Bibi tumefika, asije akadhani bado kuna korongo lingine mbele," anacheka, mtu huyu amecheka njia nzima, alicheka hata gari lilipozama mchangani wakati wa kwenda, pale baada ya Selela, hapana, baada ya Engaruka, mahali pasemwe kwa jina lake, lilizama mpaka likakalia tumbo, na hapakuwa na kivuli kokote ila cha gari lenyewe, wakakaa ndani ya kivuli hicho wanaume wawili wazima kama kuku, wakala mayai ya kuchemsha na maandazi ya Xaveria yaliyokuwa yamekauka kama mbao, wakanywa maji ya dumu yaliyopata moto kama chai, safari ya wasio na kitu, kulala kwenye darasa la shule, kupika kwenye mafiga matatu, na watalii walipita na magari yao marefu, vioo vimefungwa, wakapunga mikono, Rama akawapungia pia, akasema, "Wenzetu wana friji garini, Mzee, sisi tuna dumu," kisha akauliza kama hili sasa ndilo jangwa, na Theophil akamweleza kuwa jangwa ni neno lenye maana yake, walifundishwa shule ya kati na padre aliyekuwa hapendi neno litumike ovyo, hii ni nyika kame, na Rama, jasho linamdondoka puani, akasema, "Kama hii ni nyika, Mzee, jangwa lenyewe ndiyo jehanamu"... nyika kame, naam, mawe meusi na upepo unaounguza macho, na huko ndiko dada, Marietha huyu, alikokwenda kwa miguu, msichana wa miaka kumi na saba, na mimba tumboni, kwa sababu siku hizo kwa Wairaqw msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa hakuweza kukaa, ilisemwa mvua itaikimbia nchi, na baba yao, Hhando, mtu mpole, hakuwahi kumchapa mtoto, alimsindikiza mpaka kijito cha mpakani mwa shamba, akasema mbele ya majirani kwamba mguu wake usikanyage tena wanapolala watu wa mji wake, akasema akarudi nyumbani, na hakuna aliyejua msichana alivuka kwenda wapi, na yeye Theophil alikuwa bwenini shuleni anakariri majina ya mito ya Uingereza, aliporudi likizo alikuta kuni zimepangwa mahali dada alipokuwa akilala, akauliza, na mama akampa kazi ya kwenda kuchota maji... "Wifi, nishike mkono basi," Xaveria ameshuka barazani, amekuja na kigoda ili mgeni akanyage, amekiweka chini ya mlango wa gari, anakitikisa kuona kama kimekaa sawa, mwanamke mwema, ameamka tangu alfajiri kwa ajili ya wifi ambaye hajawahi kumwona, ametandika shuka zile za harusi ya Salvatory, anaunyoosha mkono, na Theophil anageuza shingo kwa shida, anaona dada akiutazama mkono ule kwa upole kabisa, kisha anaurudisha wa kwake ndani ya shuka lake jekundu, "Baba Salvatory, nimemkosea nini?" Xaveria anauliza kwa sauti ya chini, "Hujamkosea," anamjibu, lakini kwa kweli hajui, anajua tu kwamba amechoka, kwamba uti wa mgongo unawaka, kwamba alidhani kazi ngumu ilikuwa kule, kumpata dada, maana alikuwa kama mtu aliyezama, kila Novemba kanisani aliwataja marehemu wake wote kwa majina yao kamili na alipofika kwake alinyamaza, hakujua amtaje upande gani, mpaka Valence, yule mnunuzi wa mbuzi, aliporudi kutoka mnada wa Engaruka akasema, "Mwalimu, kule kuna ajuza wa Kimasai, nilikuwa nagombana na mbuzi wangu kwa Kiiraqw, akaniambia kwa Kiiraqw hicho hicho niache matusi"... wakacheka wote barazani, na Theophil peke yake hakucheka, ndipo akaenda kwa Rama, na wakaenda, na boma lilikuwa mbele ya Ngaresero, mlima Ol Doinyo Lengai umesimama nyuma yake kama kitu kilichoungua, akatoka mwanamume mwenye mvi tupu, Lemayian jina lake, akainamisha kichwa kikubwa kile chenye mvi ili kiguswe kama cha mtoto, akasema kwa Kiswahili, "Shikamoo, mjomba," na Theophil akaitikia marahaba, akamgusa utosini, huyu ndiye ile mimba, huyu ndiye aliyeambiwa angeifukuza mvua, ana meno machache, ana mbuzi, ana wajukuu, kisha dada akatoka ndani ameinama, akamtazama, hakusema Theophil, akasema Tluway, jina alilopewa nyumbani kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha, ambalo hakuna aliye hai anayelijua, hata Xaveria halijui vizuri... na alikubali kuja, ndiyo, hakubishana, alifunga kitambaa chake akaingia garini, na mwanawe akasema, "Mjomba, akitaka kubaki kwenu abaki, ni kwake," na njia nzima alikaa vile vile alivyokaa sasa, walipopita Minjingu na mlima wa Kwaraa ukaanza kuonekana aliutaja, Kwaraa, taratibu, kama anayemwamkia mtu, sasa imekuwaje, kutoka huko kote, makorongo yote yale, ashindwe hatua hii moja ya kigoda... "Tluway," dada anasema, kwa Kiiraqw, Kiiraqw cha zamani, cha bibi zao, "baba yuko wapi?" na Theophil anadhani dada amesahau, uzee umempata, "Dada, baba alifariki, nilikueleza, mwaka wa sabini na moja," na yeye, bila haraka, "Kufa najua. Nauliza yuko wapi," "Amezikwa Kainam, kule juu, kwenye shamba lake," "Na hapa anasema nani?" "Anasema nini, dada?" na dada anarudisha macho mbele, "Bibi anasemaje?" Rama anauliza, ameinua kichwa sasa, "Anauliza habari za baba," "Masikini," Rama anasema, na hacheki... anasema nani, anasema nani, hapa tunasema sote, hapa hata wajukuu wanasema, wanasema mno, hapa si Kainam, hiki ni kiwanja cha mjini, alikinunua yeye mwenyewe, baba hakukikanyaga, kijito hakipo, mpaka ni ua wa michongoma na jirani ni Mnyaturu, neno la baba lingefikaje hapa, isipokuwa... isipokuwa hakusema shamba, walioambiwa walisema hivyo, na Theophil hukumbuka maneno jinsi yalivyosemwa, alisema wanapolala watu wa mji wake, na watu wa mji wa Hhando ni nani sasa, wamelala wapi, ni hapa, chini ya bati hili, na mwenye mji ni nani, kaka zake wote wamekwisha, Bwana wee, ni yeye, mzee anayeshindwa kunyoosha magoti, na dada hakuchoka wala hakukasirika wala uziwi si sababu, dada amekaa mpakani, hiki kizingiti cha gari ndicho kijito, na anasubiri aliye badala ya baba aliondoe lile neno, hawezi kujiondolea mwenyewe, hata mke mwema na kigoda hawezi kumwondolea... lakini yeye ni mwalimu, mkatekista pia, miaka arobaini amesimama mbele ya watoto wa Sigino na Mutuka akiwaambia maneno ya laana ni upepo, hayana mguu, hayatembei, na juzi pale bomani alimwambia hata yeye, akidhani anamfariji, "Mambo yale yalikwisha, dada, yalikuwa ujinga, siku hizi wasichana wanazalia nyumbani na bibi zao wanabeba watoto mgongoni," na dada alimtazama, ule mtazamo, hakuuelewa, alidhani ni jua machoni, na sasa anauelewa, maana kama lilikuwa upepo, basi alitembea kwa ajili ya upepo, alizaa peke yake juu ya mawe yale kwa ajili ya upepo, alisahau lugha na kuikumbuka kwa kusemesha mbuzi, maisha yote, jua lote lile, kwa kitu ambacho mdogo wake aliyesoma anasema hakikuwapo, hapana, haiwezekani kumfanyia hivyo, heri liwe lilikuwa kitu, liwe zito kama mlima, ili liondolewe na mtu aone limeondolewa... na Padre akisikia, na wale aliowafundisha wakisikia Mwalimu Theophil amesimama uwanjani anaondoa neno la marehemu kwa maneno ya kienyeji, wacheke, wamecheka mengi, ila si kucheka kunakomtisha, kinachomtisha ni kukubali kwa kinywa chake kwamba baba yule mpole alikuwa na nguvu hiyo, na aliitumia, na akaishi miaka mingi baadaye akila ugali wake jioni... kigoda bado kiko chini ya mlango, mkono wa Xaveria bado uko hewani, haujui uende wapi, vumbi bado linadondoka, na dada bado anatazama mbele, hamharakishi, amezoea, na Theophil anatafuta ndani ya kifua kilichojaa vumbi la magadi, si maneno, maneno anayajua, aliyasikia yakisemwa kwa wengine alipokuwa mdogo, anatafuta sauti, maana hayasemwi kwa mnong'ono, yanasemwa majirani wasikie, kwa jina la msemaji na jina la baba yake na la baba wa baba yake, bila kukosea hata moja, na hapaswi kusema kwamba baba alikosea, anapaswa kusema kwamba baba alisema, na mimi niliyebaki naondoa, haya, pumzi kwanza, koo kwanza... "Xaveria," anasema, "shusha mkono, mama, hebu nyamazeni wote kidogo."