Chumvi Ndani ya Rili ya Nandasiri

Siku ya mwezi mpevu Piyaratna alifungua ubao mmoja tu wa mlango wa kibanda chake, kwa kuwa hiyo si siku ya kazi. Alitandika gazeti mezani, akapanga bisibisi mbili, mswaki mkuukuu, kikopo cha mafuta ya taa na kipande cha fulana iliyochakaa. Njiani watu waliovaa nyeupe walikuwa wakipanda kwenda hekaluni na mayungiyungi mikononi. Saa tatu kasorobo shemeji yake Nandasiri alitokea upande wa pili, wa baharini, kama alivyokuja kila mwezi mpevu tangu alipokufa maji.

Alikuwa amevaa msuli wake wa miraba, unachuruzika. Bibi Alisnona, muuza chai wa jirani, alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kufagia.

"Nandasiri, pita pembeni huko! Kila ukija nafagia mara mbili."

"Samahani, bibi. Maji yenyewe hayakauki."

"Ya kwako ndiyo hayakauki. Marehemu wangu akija huwa mkavu kama kuni."

"Wako alifia kitandani, bibi."

"Na wewe ungefia kitandani, usingenichafulia ua."

Nandasiri alicheka, akapita pembeni, tena akakunja msuli kidogo ili usidondoshe sana. Alikuwa mtu wa namna hiyo tangu akiwa hai. Alipofika mezani aliweka rili yake juu ya gazeti, ile mashine ya kuzungushia mshipi iliyokuwa kwenye ufito wake siku aliyozama.

"Bado ngumu, shemeji," alisema. "Nikizungusha inakwaruza kama mtu anayesaga mchanga."

"Kaa, tuiangalie."

Akiwa hai hakuvua siku ya mwezi mpevu, na sasa pia hakuvua. Ilikuwa siku yake ya kutengeneza vifaa.

Piyaratna alizungusha mpini taratibu, sikio karibu, kama mganga anayesikiliza kifua. Kisha alifungua skrubu moja moja na kuzipanga kwenye gazeti kwa mfuatano zilivyotoka, ili zirudi kila moja mahali pake. Alitoa bobini ya mshipi, akafungua kifuniko cha ubavuni, akainua gia kubwa. Grisi ilikuwa imegeuka uji wa kijivu wenye chembe za chumvi. Aliisugua kwa mswaki na mafuta ya taa, jino kwa jino, akaifuta kwa fulana. Beringi alizitia mafuta mepesi, tone moja moja, kwa sababu grisi nzito huzibana. Vidole vyake vilijua kazi hiyo kuliko vilivyojua kula.

Na vilijua pia kitu kingine. Nyuma ya ile gia palitakiwa pawe na washa moja, kipete cha bati chembamba kama gamba la dagaa. Bila hiyo gia hucheza, meno hayakutani sawasawa, na siku rili ikibeba mzigo mkubwa, hung'atana yakakwama.

Washa hiyo ilikuwa ndani ya kikopo cha pipi, kwenye droo, karibu na goti lake.

Mambo yalikuwa hivi. Miezi saba nyuma Nandasiri alileta rili kusafishwa, akangoja amesimama, maana maji yalikuwa yanajaa na wenzake walishatangulia mwambani. Wakati wa kufunga, Piyaratna hakuiona ile washa. Aliitafuta chini ya gazeti, akatafuta mapajani. "Tayari, shemeji?" aliuliza Nandasiri. Piyaratna aliona aibu kusema amepoteza kitu. Alijaza grisi nzito ili mkwaruzo usisikike, akafunga, akasema tayari. Jioni hiyo, alipoinua kisahani cha chai, washa ilikuwa imeganda chini yake kwa grisi. Alijiambia atairudisha kesho. Kesho yake alikuwa na rili nyingine tatu za watu.

Siku ya nne kolekole mkubwa alishika ndoana ya Nandasiri. Wenzake waliona mpini ukigoma, wakampigia kelele auachie ufito. Hakuachia. Mwamba ulikuwa na utelezi.

Hayo peke yake yangemtosha mtu mmoja kubeba. Lakini siku ya saba ya msiba, watawa walipokwisha kulishwa sadaka ya marehemu, watu walimuuliza fundi ni nini hukwamisha rili namna ile. Naye akajibu, "Chumvi. Watu huzitumbukiza kwenye ndoo, maji yanasukuma chumvi mpaka ndani."

Dada yake Hemalata alikuwa anakusanya sahani. Yeye ndiye aliyekuwa akimwoshea mumewe rili kila jioni, kwenye ndoo ya kufulia, bila kuombwa, ili Nandasiri akifika apumzike. Aliziweka sahani chini, akakaa palepale sakafuni. Piyaratna alimwona.

Tangu hapo Hemalata hakuitumia tena ile ndoo. Nguo alifulia kisimani.

Siku hii ya mwezi mpevu alikuja kabla ya adhuhuri na wali uliofungwa kwenye jani la mgomba, wa kaka yake, na bakuli dogo la mumewe, ambaye hula mvuke tu. Alikaa kwenye kigoda karibu na dimbwi la Nandasiri, miguu yake ndani ya maji yale, wala hakuisogeza.

"Kaka, vipi? Leo itapona?"

"Tunaiangalia."

"Anasema huko chini mkono unamuuma."

"Hema wangu naye," alisema Nandasiri. "Nimesema unachoka. Sikusema unauma."

"Mwonyeshe."

"Cha nini?"

"Mwonyeshe kaka, nimesema!"

Nandasiri alinyoosha mkono wa kulia juu ya gazeti, kwa haya, kama mtoto aliyechafua daftari. Kidole gumba kilikuwa kimelika kwa kuzungusha mpini mgumu, nyama imekwisha, mfupa umebaki mweupe na safi. Hakikuvuja damu.

"Kosa langu mwenyewe," alisema haraka, akimtazama mkewe kwa jicho la pembeni. "Nilikuwa naitumbukiza ndooni. Fundi alinikanya."

Hakuwahi kuitumbukiza hata mara moja, na wote watatu walilijua hilo.

"Acha," alisema Hemalata. "Mimi niliiosha. Usinifiche kwa mgongo wako."

Piyaratna alifumbua kinywa. Maneno yalikuwa tayari, aliyapanga kwa miezi saba, na yalikuwa machache: ni mimi, washa ninayo. Dada yake alimgeukia akasubiri, akidhani anaomba chai.

"Unataka chai, kaka?"

"Ndiyo," alisema Piyaratna.

Hemalata alipotoka kwenda kwa Bibi Alisnona, Piyaratna alivuta droo. Aliipaka washa grisi kiasi cha punje ya mchele, akaivalisha nyuma ya gia, akafunika, akarudisha skrubu kwa mfuatano wake. Nandasiri wakati huo alikuwa amegeukia njiani, anawaamkia watu waliokuwa wanarudi kutoka hekaluni, nao wanamwitikia. Hemalata aliporudi na chai, rili ilikuwa imefungwa.

Nandasiri alizungusha mpini. Haukutoa sauti yoyote. Alizungusha tena, akauachia, na mpini ukaendelea wenyewe mizunguko mitatu.

"Shemeji!" alisema. "Haikuwa hivi hata siku niliyoinunua."

"Ilikuwa nini, kaka?" aliuliza Hemalata.

Mbu alikuwa ametua kwenye ukingo wa kikombe. Piyaratna alimtazama mpaka akaruka.

"Chumvi," alisema.

"Imetoka yote?"

"Yote."

Hemalata alipiga magoti kwenye maji ya mumewe, akaweka viganja pamoja na kuinamisha kichwa mpaka miguuni pa kaka yake, kama mdogo anavyomshukuru mkubwa siku ya mwaka mpya. Piyaratna alimgusa utosini, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuota mvi, na hakuwahi kuziona mvi hizo kabla.

"Ningejua," alisema Hemalata akiwa chini kule, "ningeifuta kwa kitambaa tu."

Nandasiri alimwinua kwa mkono wake mzima, akaondoka na rili kwapani. Kwenye ua wa Bibi Alisnona alipita pembeni.

Mwezi mpevu uliofuata Piyaratna alifungua ubao mmoja wa mlango, kisha akaufungua na wa pili. Kwenye benchi la nje walikuwa wamekaa watu tisa, wote wanachuruzika, kila mmoja na rili mapajani. Baadhi aliwafahamu. Mmoja, mzee mwenye kitana cha gamba la kasa nyweleni, alikuwa amekufa maji kabla Piyaratna hajazaliwa, na rili yake aliiokota huko huko. Bibi Alisnona alikuwa ameshaacha kufagia, anawauzia chai wapita njia waliosimama kutafuta jamaa zao.

Nandasiri alikuwa wa mwisho kwenye benchi, hana shida yoyote. Alikuja kuwasindikiza.

"Nimewaambia wote," alisema. "Huko chini kila mtu ana yake inayokwaruza. Nikawaambia, nendeni kwa shemeji yangu."

Yule mzee alimpima fundi kwa macho. "Kijana, hujawahi kumharibia mtu?"

"Huyu?" alijibu Nandasiri kabla Piyaratna hajameza mate. "Huyu hajawahi."

Hemalata alifika na sinia la chai ambayo hakuna aliyeweza kuinywa. Alimpa kila mmoja kikombe avute mvuke, kuanzia kwa mkubwa, na kwa kila mmoja aliinama akamwambia maneno yale yale kwa sauti ya chini, kwa upole, kama anavyomwambia mtoto asisogelee moto:

"Usiioshe kwenye ndoo. Mimi wangu nilimwua hivyo."

Piyaratna alitandika gazeti, akashika bisibisi, akauliza nani alitangulia kufika.