Mfuko Ndani ya Mfuko

Wakati wa korona halmashauri yetu ilitoa amri moja tu iliyonifurahisha: nyumba yenye mgonjwa isichambue taka katika mapipa ya rangi mbalimbali, kama wengine wote wanavyolazimika. Kila kitu mfukoni, mfuko ndani ya mfuko, pipa jeusi, basi.

Mimi niliugua, nikapona kwa siku nane. Ruhusa sikuirudisha. Huu mwaka wa tatu, kila Jumanne naandika KORONA kwa wino mwekundu kwenye karatasi, naibandika kwenye mfuko wa taka, nashuka nikikohoa kidogo. Bi Knödler wa ghorofa ya chini, anayefunua mapipa ya watu kama anaonja mchuzi, mfuko wangu haugusi. Huyo aliwahi kunirudishia kopo la mtindi mlangoni eti sikubandua kifuniko. Mimi nimestaafu, sina muda wa kubembeleza makopo.

Jumanne hii mwanangu Silke alitoka Bremen na mtoto wake wa kwanza, wa wiki tano. Nilinyoa ndevu, nikaoka keki, ikaungua, nikanunua nyingine. Kumpakata mjukuu yule ndicho kitu pekee nilichokitaka mwaka huu. Kumbe Bi Knödler alishamdaka uani.

"Usipande, binti. Baba yako ana korona. Mfuko wake huu hapa."

Nilipofungua dirisha, Silke alikuwa anarudi garini.

"Siumwi, mwanangu," nikamwambia. "Naandika tu ili nisichambue taka."

"Baba, usinidanganye. Mtu mzima, na akili zake, achanganye chupa na maganda miaka mitatu?"

"Hata mimi siamini," akadakia Bi Knödler. "Mkorofi ni mkorofi, lakini si kiasi hicho."

Iliniuma. Nimejiumbua mwenyewe mbele ya jengo zima, na hakuna anayesadiki. Nikashuka na ndara zangu.

"Haya, kama u mzima," akasema Bi Knödler, "taka zako ni za kuchambuliwa. Chambua tuone."

Nikapasua mifuko, nikapiga magoti. Maganda ya viazi, pipa la kahawia. Plastiki, mfuko wa njano. Bi Knödler akinisimamia, mikono kiunoni, nami natweta. Silke akaanza kutabasamu, akasogea, akamfunua mtoto uso. Moyo wangu ukaruka. Nikachomoa rundo la vipeperushi vya matangazo, jinsi nilivyovikumba kutoka mezani, na bahasha imenata katikati.

"Karatasi, pipa la bluu," nikasema kwa fahari.

"Hapo umepatia," akasema Bi Knödler.

"Ngoja, baba."

Silke akaichukua ile bahasha. Mwandiko ulikuwa wake, na gundi haijabanduliwa. Akaifungua mwenyewe, akatoa picha ya mtoto, akaitazama kitambo.

"Kwenye simu uliniambia umeitundika sebuleni."

Nikabaki nimepiga magoti, nimemnyooshea mtoto mikono.

"Sasa naamini huumwi," akasema, akaenda kumfunga mtoto kwenye kiti cha gari.